Mti umepukutika wote: ni mbambakofi au mvule, na je, umekufa?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Utange, Mombasa: "Assalaam aleikum. Tumenunua kiwanja chenye mti mkubwa ambao mtu mmoja hawezi kuukumbatia. Tangu katikati ya Januari umepukutika majani yote, na sasa Februari yaisha haujatoa hata jani moja. Fundi wa nyumba asema umekufa, ung'olewe kabla hatujachimba msingi. Seremala mmoja asema ni mvule na yuko tayari kuununua vivyo hivyo ulivyosimama. Mama mkwe asema ni mbambakofi na tuuache. Sioni maua wala matunda. Chini yake kuna majani makavu, vipande vya magome vya duara kama vifuniko, na vibao vyeusi vigumu ambavyo watoto huvichezea kama mashua. Nitajuaje ni mti gani, na kama ni mzima?"

Waaleikum salaam, dada. Kwa ulivyoeleza, mama mkwe ndiye aliye karibu na ukweli: yaelekea ni mbambakofi. Na kuhusu kufa, mti wa asili wa pwani kuwa mtupu mwezi wa Februari si dalili ya kifo. Msimu ndio huo. Lakini hayo ni makisio ya mtu asiyeushika mti wenyewe, na wewe unao hapo hapo. Vile vitu vitatu ulivyovitaja mwishoni, majani makavu, magome na vibao, ndivyo vyenye jibu. Mti uliopukutika usiutafute juu, uangalie chini yake.

Anza na vibao vyeusi. Okota kama vitano, vikung'ute mchanga, uvigeuze ndani. Ganda la mbambakofi ni zito na gumu kama ubao, kwa nje jeusi au kahawia iliyokolea, urefu wa sentimita 10 hadi 17, upana wa 5 au 6 au kupita kidogo. Likikauka hupasuka pande mbili, na kila upande hubaki na umbo la mashua, ndiyo maana watoto wamevipenda. Kitambulisho chenyewe ki ndani: mna nyama nyeupe kavu, nyepesi, inayobonyea kwa ukucha, mithili ya boflo lililolala siku nne. Katika nyama hiyo mna vishimo vilivyopangana mstari mmoja, kila kimoja kimechukua umbo la mbegu iliyokuwa imelala humo. Vihesabu, mara nyingi huwa 6 hadi 10. Kipande kilicholala mvuani mwaka mzima weupe wake hugeuka kijivu, au mchwa huwa wameula ukabaki ubao mtupu, kwa hiyo usihukumu kwa kipande kimoja. Tafuta kilichoanguka karibuni. Na muombe mtu mwenye macho mazuri aangalie matawi ya juu: maganda ya mbambakofi hukaa mtini miezi kadhaa baada ya kuiva, na kwenye mti mtupu huonekana kama popo walioning'inia mmoja mmoja.

Kisha pekua mchanga, hasa penye mizizi iliyojitokeza na kando ya ukuta ambako maji ya mvua hukusanya takataka, utafute mbegu. Ni nyeusi, yang'aa kama iliyopakwa mafuta, ndefu kama haragwe kubwa la sentimita 2 hadi 3, na ncha moja imevaa kofia ya rangi nyekundu inayoelekea machungwa. Kofia hiyo huliwa na ndege na panya, basi huenda ukapata mbegu iliyobaki na weusi tu na kovu mahali kofia ilipokaa. Ukiipata mbegu hiyo pamoja na ganda nililolieleza, mjadala wa jina umekwisha. Mti mwingine wa asili wa pwani ya Kenya wenye viwili hivyo kwa pamoja hakuna. Mbegu hizi ndizo zinazotobolewa kuwa shanga na kuuzwa kwa watalii. Kwa kuwa una watoto, tahadhari moja: wasizichanganye na za mturituri, ule mmea mwembamba unaotambaa vichakani na kwenye seng'enge, wenye mbegu ndogo sana nyekundu zenye doa jeusi. Hizo zikitafunwa zaweza kuua. Ya mbambakofi ni nyeusi yenye kofia nyekundu, na ni kubwa mara tatu au nne. Ya mturituri ni nyekundu yenye doa jeusi.

Ganda jeusi peke yake bila kutazama ndani huwapoteza wengi, maana Mombasa imejaa miti ya kupandwa yenye maganda meusi. Ule mti wa maua mekundu ya Disemba, ambao asili yake ni Madagaska, una ganda jeusi gumu pia, lakini ni refu kama panga, sentimita 30 hadi 60, na ndani vishimo vyake ni vyembamba, vingi, vimekingama. Mti mwingine wa mabarabarani, wenye maganda membamba ya rangi ya nyasi kavu yanayochakarika upepo ukipita, huo hata haufanani ukishalishika ganda lake: lakunjika kama karatasi. Mkwaju unaujua. Wa kuangaliwa vizuri zaidi ni mrihi, kwa sababu nao ni wa asili, hupukutika, na ganda lake ni gumu kama ubao. Ganda la mrihi lakini ni bapa na jembamba, halina nyama nyeupe ndani, ukingo wake mmoja umepanuka kama ubavu, na likipasuka hupasuka kwa kishindo na kila nusu hujisokota. Ukiona vibao vilivyojisokota kama maranda ya seremala, fikiria mrihi. Mbegu zake ni bapa, za kahawia, hazina kofia. Tena mrihi hupenda mchanga mweupe mkavu, kama ule wa msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa Kilifi, ambako umefanya pori lake zima.

Na mtandarusi, unaotoa sandarusi, ganda lake ni fupi, limejaa vipele kama ngozi ya chura, na halipasuki.

Magome sasa. Gome la mbambakofi ni la kijivu kinachoingia kahawia, na hubanduka kwa vipande vya duara au yai, visivyolingana, vikiacha shinani mabaka ya rangi iliyopauka. Mti mkubwa huonekana kana kwamba umepigwa mihuri. Hiyo ndiyo ile hali ya "vifuniko" uliyoieleza, na ni dalili nzuri, ila ni shahidi wa pili, si wa kwanza. Mvule nao hubandua gome ukizeeka, na miti kadhaa ya pwani hufanya hivyo hivyo. Gome pekee lisikupe jina. Lipe uzito likikubaliana na ganda.

Majani makavu yahitaji subira kidogo. La kwanza kuamua ni kama unachokiokota ni jani zima au kipande cha jani. Mbambakofi una jani lililogawika: kikonyo kimoja kirefu katikati, na pande zake mbili vijijani vimekaa jozi jozi, jozi 4 hadi 7, bila kijijani cha peke yake nchani. Likiwa bichi ni rahisi: jicho la chipukizi hukaa pale kikonyo kikubwa kinaposhikana na kijiti, na chini ya kijijani halipo kamwe. Likikauka na kuanguka, vijijani huachana na kikonyo, ukadhani ni majani mazima. Kwa hiyo tafuta vile vijiti vyembamba vilivyotapakaa katikati ya majani, vya urefu wa kalamu au kupita. Kimoja kikiwa na makovu madogo yanayotazamana, jozi baada ya jozi, hicho ndicho kikonyo chako. Hesabu makovu.

Kijijani chenyewe ni cha umbo la yai, sentimita 5 hadi 10, kingo zake hazina meno bali zimechezacheza kama ukingo wa shuka lililoanikwa, na kikonyo chake kifupi mara nyingi kimesokotwa kidogo, kama mtu alikipindisha kwa vidole. Msokoto huo hubaki hata jani likikauka. Kwa mrihi vijijani ni jozi 3 au 4, na ile jozi ya nchani ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa mbambakofi tofauti ya ukubwa si kubwa hivyo. Mtandarusi una vijijani viwili tu, basi. Mkungu, ambao pia hupukutika na umejaa mjini, majani yake ni mazima, makubwa kama kiganja na vidole vyake, na huwa mekundu kabla ya kuanguka. Wala si mti wa asili, umetoka Asia.

Tuje kwa mvule wa seremala. Jani la mvule ni moja zima, halikugawika: sentimita 10 hadi 20, kitako chake kimeingia kidogo kama moyo, upande mmoja umeshuka kuliko wa pili, na mishipa yake imepangana sawasawa mithili ya mbavu za samaki. Kama chini ya mti wako pamejaa majani ya namna hiyo na hakuna vile vikonyo vyenye makovu, basi seremala amesema kweli. Tunda la mvule, kwenye mti jike, ni kama forosadi refu la kijani, laini. Haliwezi kuacha kibao kigumu chini. Vibao vyako tayari vinampinga, ila kama vimeletwa na watoto kutoka kiwanja cha jirani.

Kuna jaribio lingine. Kata kijiti kibichi cha unene wa penseli kutoka tawi la chini, ungoje dakika moja. Mvule una utomvu mweupe kama maziwa. Mbambakofi hauna. Wakati wa kaskazi utomvu hupungua, kwa hiyo kata vijiti vitatu kutoka pande tofauti kabla ya kusema haupo. Na kumbuka jaribio hili lina upande mmoja wenye nguvu: kukosa maziwa kwenye kijiti kilicho hai kwauondoa mvule, lakini kuyaona hakuuthibitishi, kwani mkuyu na mfenesi ni jamaa zake na wana maziwa pia. Usijipanguse macho kabla ya kunawa mikono.

Seremala atakuomba apige shoka mara moja "aone rangi". Mkatalie. Ni kweli kwamba rangi hutofautisha: kiini cha mvule kikikatwa ni cha manjano, kikikaa hewani hugeuka kahawia ya dhahabu, kiini cha mbambakofi ni kahawia inayoelekea wekundu, na mbao yake changa ya nje imepauka, mpaka kati ya hizo mbili waonekana kama mstari uliochorwa. Lakini ili ufike kwenye kiini cha mti wa unene huo lazima uchimbe jeraha la kina cha kiganja, na jeraha hilo ndilo mlango wa kuvu na mchwa kwa miaka ishirini ijayo. Jina utalipata bila damu. Tena bei anayokutajia isikutie haraka, kwani zote mbili ni mbao za thamani: bambakofi, kama mafundi wanavyoiita mbao yenyewe, ndiyo iliyochongwa milango mingi ya Lamu na ya Mji wa Kale, sambamba na msaji na mvule, na ndiyo iliyotumika kwa mbao za majahazi kwa sababu hustahimili maji na mchwa. Anayeununua mti uliosimama kwa jina lolote anajua anachokinunua.

Majina yenyewe yana mtego mdogo ukiwauliza jamaa wa ng'ambo ya mpaka. Tanzania wengi huuita mkongo, na Msumbiji ni chanfuta. Kwa wataalamu ni Afzelia quanzensis: neno la kwanza ni la Adam Afzelius, Msweden mwanafunzi wa Linnaeus, na la pili ni la mto Kwanza wa Angola. Halina lolote la kukusaidia kuutambua, ila ukienda kuuliza ofisini andika hilo, kwani mkongo wa mtu wa Lindi na mbambakofi wa mtu wa Utange hapo huwa kitu kimoja.

Sasa uhai. Mombasa miezi mikavu kabisa ni Januari na Februari. Upepo wa kaskazi unavuma, jua kali, na mvua kubwa hutazamiwa Aprili na Mei. Mti hupoteza maji kupitia majani. Mbambakofi, mrihi, mvule, mbuyu na mfune yote hufunga duka: hukata majani, huishi kwa akiba iliyo shinani na mizizini, kisha hutoa mapya, mara nyingi siku chache kabla mvua haijaanguka. Tazama mibuyu ya Mama Ngina siku hizi hizi. Hakuna anayesema imekufa, kwa kuwa mbuyu twaujua. Na usimlinganishe wako na wa jirani ulio na majani. Mti wa jinsi moja ukiwa karibu na shimo la maji machafu au bomba linalovuja huchelewa kupukutika, na mti mchanga hushikilia majani kuliko mzee.

Ili uwe na hakika, usianzie shinani. Gome la shina kubwa ni nene, na ukikwaruza juu juu utakuta kahawia hata kwenye mti mzima kabisa, ukaingiwa na hofu bure. Anza na vijiti vya unene wa kalamu, viwili viwili kutoka kila upande wa mti, mashariki, magharibi, juu kadiri ngazi inavyofika. Pinda kwanza: kilicho hai hupinda na kurudi, kilichokufa huvunjika kwa mlio mkavu. Kisha kwa kisu safi au ukucha kwaruza sentimita moja tu. Chini ya ngozi ya nje utaona kijani, au wakati huu wa ukame kijani kilichopauka kinachoelekea njano, na kidole kitahisi unyevu. Hicho ni kizima. Kahawia kavu kama biskuti, kimekufa. Kijiti kimoja kufa si msiba. Rudi nyuma kwenye tawi lake mpaka upate kijani, na hapo umejua kifo kimeishia wapi. Ukikuta kahawia pande zote na hata kwenye matawi ya unene wa mkono, ndipo pa kuanza wasiwasi. Angalia na macho ya chipukizi kwenye makovu ya majani: yaliyojaa na kushikana yangoja mvua, yaliyosinyaa na kumeguka kama unga hayangoji kitu.

Kuna na tofauti ya magome ambayo fundi wako huenda ameichanganya. Kifuniko cha gome kinapobanduka na chini yake pana gome jingine, jepesi rangi, hiyo ni tabia ya mti. Gome linapoambuka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa na chini yake pakabaki mti mtupu, mkavu, mweupe au wa kijivu, sehemu hiyo imekufa. Njia za udongo za mchwa zinazopanda shinani zisikutishe mpaka uzikwangue: mara nyingi hula magome makavu ya nje tu. Uyoga mgumu kama kisahani unaoota kwenye kitako cha mti ni habari mbaya zaidi kuliko mchwa wote hao, kwa sababu huonyesha kuwa mti unaoza ndani. Hapo hata ukiwa na majani waweza kuanguka, na ni vyema mtu anayejua kazi ya miti aje aupime kabla hamjajenga karibu nao.

Vipimo vikionyesha uhai, ngoja. Mwisho wa Mei ni kikomo cha haki. Mti ambao masika imeunyeshea mwezi mzima na haukutoa jani popote, huo sasa wawezekana kuwa umekufa.

Ninachokiogopea mti wako si kaskazi bali ni msingi. Mizizi inayoulisha mti haikuzama kama msumari. Mingi imetandazwa katika nusu mita ya juu ya udongo, na kwenye ardhi yetu ya mwamba wa matumbawe huwa juu zaidi maana haina pa kupenya. Fundi akikata mtaro mmoja upande mmoja huondoa sehemu kubwa ya mdomo wake, na mti hufa polepole, miaka miwili au mitatu baadaye, watu wakasema ni uzee. Hesabu hivi: pima mzunguko wa shina kwa utepe kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka chini, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo, kisha uzidishe mara 12. Tuseme mzunguko ni sentimita 190. Kipenyo kitakuwa kama 60, na mara 12 ni mita 7.2. Duara la mita 7.2 kutoka shinani kila upande ndilo la kulindwa: usichimbwe mtaro, yasimwagwe mawe, saruji isikorogewe hapo, lori la mchanga lisigeuzie hapo. Kiwanja kikiwa kidogo na duara lote haliwezekani, heri kuingia kidogo upande mmoja na kuacha pande tatu kuliko kuuzunguka wote kwa karibu.

Kosa jingine la wajenzi ni kusawazisha. Udongo wa msingi hurundikwa kuzunguka shina hadi magotini, kwa nia njema. Mizizi hukosa hewa, gome lililofukiwa huoza. Pale shina linapopanuka kuingia ardhini paonekane daima. Kama pameshafukiwa, ondoa kwa mikono, si kwa jembe. Usimwagilie maji ya kisima yenye chumvi, na majani yake usiyachomee hapo hapo; yatandaze unene wa vidole vinne ndani ya duara, yakae mbali na shina kiasi cha shubiri.

Mkiamua kuukata, jambo hilo lisiishie kati yenu na seremala. Ulizeni kwanza ofisi ya kaunti na ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Na kusafirisha magogo au mbao kunahitaji kibali cha KFS. Gari likikamatwa bila kibali njiani, aliyeuza huulizwa pia.

Kwa uthibitisho wa mwisho, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina kituo Gede, na Hebaria ya Afrika Mashariki iko Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa. Picha nzuri zatosha mara nyingi: mti mzima kwa mbali na mtu amesimama kando, gome kwa karibu ukiweka sarafu ya shilingi kumi, ganda kwa nje na kwa ndani likiwa juu ya rula, mbegu, na kikonyo chenye makovu. Andika mahali, tarehe na kimo cha kukadiria. Majani mapya yakitoka, kata kijitawi cha sentimita 30 chenye majani yaliyokomaa, ukilaze ndani ya gazeti huku jani moja likionyesha mgongo, uweke ubao na matofali juu yake. Gazeti libadilishwe kila siku kwa wiki moja. Kwa unyevu wa Mombasa ukilisahau siku tatu utafungua ukungu. Yakija maua, na kwa mbambakofi huja pamoja na majani mapya, tazama petali: ni moja tu kubwa, nyekundu kwa ndani, imesimama juu ya vikombe vya kijani, na nyuzi ndefu za poleni zimechomoza. Ukitaka kuiona mingine uilinganishe na wako, Shimba Hills ina msitu ambao mbambakofi ni mmoja wa miti yake mikuu, na msitu mchanganyiko wa Arabuko-Sokoke unayo pia.

Na zile mbegu mtakazookota, msiwaachie watoto zote. Vua kofia nyekundu kabla hujapanda, la sivyo panya wataifuata usiku wa kwanza. Sugua upande mmoja wa mbegu kwenye jiwe mpaka weupe uonekane, mbali na ncha iliyokuwa na kofia, maana ndipo mche unapotokea, kisha iloweke usiku mmoja katika maji ya kawaida. Iliyovimba yafaa; iliyobaki vile vile isuguliwe tena. Ipande kwenye mfuko mrefu, sentimita 25 au 30 kwenda chini, kwa kina cha vidole viwili. Mfuko mfupi wa michicha haufai: mzizi mkuu hushuka haraka, hufika chini, hujizungusha, na mche huo hata ukikua utakuwa mti usioshika ardhi. Huchukua wiki mbili hadi nne kuota. Ukipanda sasa, miche itakuwa imesimama masika ikishika kasi, na mahali pa kuihamishia pachague kabla, mbali na msingi wenu kwa hesabu ile ile ya mara 12, ila chukua kipenyo cha huyo mama yake.